Mavazi, Jinsia na Taifa: Japani ya Enzi ya Meiji katika Kioo cha Fasihi

Utangulizi

Mwanzoni mwa kiangazi cha mwaka 1925, Kon Wajiro, mwalimu wa usanifu wa majengo, alisimama pamoja na wenzake katika mtaa wa Ginza mjini Tokyo, wakiwa na kalamu na karatasi, wakahesabu mavazi ya wapita njia. Asilimia 67 ya wanaume walikuwa wamevaa mavazi ya Kimagharibi. Miongoni mwa wanawake, waliovaa mavazi hayo walikuwa asilimia 1. Ginza haukuwa mtaa wa kawaida; ndio ulioongoza nchi nzima kwa mambo ya kisasa, nao ulikuwa ukijengwa upya baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 1 Septemba 1923. Aidha, zaidi ya miaka 50 ilikuwa imepita tangu serikali iwaamuru maofisa wake kuvaa suti. Iwapo mavazi hufuata tu mkondo wa maendeleo, pengo hili la 67 kwa 1 halielezeki.

Aghalabu jambo hili hufafanuliwa kwa kusema kwamba Japani iliiga Magharibi, na kwamba wanawake, kwa kuwa walifungiwa majumbani, walichelewa kuiga. Makala hii inapinga ufafanuzi huo. Inashikilia kwamba katika Enzi ya Meiji (1868-1912) kazi ya mavazi iligawanywa baina ya jinsia mbili: mwanamume alivishwa Umagharibi ili dola yake itambuliwe na mabeberu, naye mwanamke akaachiwa, hatimaye akashurutishwa, kuubeba Ujapani mwilini mwake. Tena vazi alilopewa kulihifadhi lilikuwa jipya karibu sawasawa na suti ya mumewe. Waandishi wa fasihi waliligundua jambo hili mapema, na kazi zao ni ushahidi unaostahili kusomwa pamoja na amri za serikali.

Suala hili lina uzito wake kwa mhakiki wa Kiafrika. Katika uhakiki wetu imezoeleka kuisoma suti ya mhusika kama ishara ya kasumba, yaani ugonjwa wa fikra alioambukizwa mtawaliwa na mkoloni. Japani haikutawaliwa. Aliyewakata Wajapani nywele na kuwavua panga alikuwa mtawala wao wenyewe, na alifanya hivyo kwa kuhofia kutawaliwa. Mhakiki anayetumia kipimo kilekile cha kasumba huku na kule atapitwa na mengi.

Sheria ya nguo kabla ya 1868

Si kweli kwamba kabla ya Meiji watu walivaa walivyotaka. Chini ya utawala wa ukoo wa Tokugawa (1603-1868) nguo ilikuwa sheria. Mkulima alitakiwa kuvaa pamba au katani. Mfanyabiashara, hata akiwa tajiri kuliko bwana wa samurai, alikatazwa anasa fulani za hariri, rangi na darizi. Samurai alitambulikana kwa panga mbili kiunoni na kwa shungi la nywele lililofungwa juu ya utosi ulionyolewa. Wafanyabiashara wa Edo, jiji ambalo baadaye liliitwa Tokyo, walibuni ujanja wao: koti la nje lilishonwa kwa kitambaa cha pamba kisicho na mvuto, na bitana ya ndani ikashonwa kwa hariri ya bei ghali. Utajiri ukafichwa upande unaogusa mwili. Ladha nzima ya sanaa, ile ya kuthamini kilichositirika kuliko kinachong'aa, ilizaliwa kutokana na marufuku hayo.

Kwa hivyo serikali ya Meiji haikuanzisha desturi ya dola kumwamulia raia avae nini. Ilirithi desturi hiyo ikabadilisha maudhui yake. Kilichobadilika zaidi ni mtazamaji. Zamani vazi lilisomwa na jirani na askari wa mtaa. Sasa lilisomwa na balozi wa Uingereza. Mikataba ya mwaka 1858 iliyotiwa saini na Marekani na madola ya Ulaya iliwaondolea wageni mamlaka ya mahakama za Japani, ikainyima nchi uhuru wa kujipangia ushuru wa forodha. Hoja ya madola hayo ilikuwa kwamba Japani haijastaarabika kiasi cha kukabidhiwa mzungu amhukumu. Mamlaka ya mahakama yalirejea mwaka 1899, kufuatia mkataba uliotiwa saini na Uingereza mwaka 1894. Uhuru kamili wa forodha ulisubiri hadi 1911. Katika kipindi chote hicho mwili wa Mjapani, nywele zake, miguu yake na kifua chake, ulikuwa kielelezo katika kesi iliyokuwa ikiendelea.

Amri na mkasi

Amri zilifuatana kwa kasi. Mwaka 1871 wanaume waliruhusiwa kukata shungi na kutembea bila panga. Mwaka huohuo Kaizari alitoa waraka kwa viongozi wa juu akidai kwamba mavazi ya kasri yaliyokuwa yakitumika yalitokana na mtindo wa Kichina wa nasaba ya Tang, na kwamba yaliwafanya watawala waonekane dhaifu. Akawakumbusha kwamba Jimmu, kaizari wa kwanza wa visasili, na Jingu, malkia wa vita, hawakuonekana hivyo. Kinaya cha hoja hii ni dhahiri: koti la Ulaya liliingizwa kwa jina la mababu. Mwaka 1872 vazi la Kimagharibi likafanywa vazi rasmi la sherehe kwa maofisa. Mwezi Machi 1873 Kaizari mwenyewe alikata nywele. Mpiga picha Uchida Kuichi alikuwa amempiga picha mwaka 1872 akiwa na joho la kale la kasri. Mwaka 1873 alimpiga tena, safari hii akiwa na sare ya kijeshi ya mtindo wa Ulaya, ameketi kitini na upanga mkononi. Mwaka mmoja tu ndio unaotenganisha picha hizo, lakini anayezitazama bila maelezo angedhani ni watu wawili wa karne mbili.

Mwaka 1872 huohuo, mjini San Francisco, wajumbe wakuu watano wa serikali walipiga picha pamoja. Wanne wamevaa suti. Katikati ameketi Iwakura Tomomi, kiongozi wa msafara, akiwa na vazi la Kijapani na shungi kichwani, viatu vya Kizungu miguuni na kofia ndefu nyeusi karibu naye. Kabla msafara haujaondoka Marekani, Iwakura naye alikuwa amekata nywele.

Haikuwa kila mtu aliyekubali. Marufuku ya panga ya mwaka 1876 iliwanyang'anya samurai alama ya mwisho ya tabaka lao, na ni miongoni mwa chokochoko zilizotangulia uasi wa Satsuma wa mwaka 1877. Kwa wakulima, suruali na viatu vya ngozi vilikuja na sheria ya mwaka 1873 iliyowalazimisha vijana kuingia jeshini. Vijana wengi wa vijijini hawakupata kuvaa vazi la Kimagharibi mahali pengine isipokuwa kambini, na walipomaliza muda wao walirudia nguo zao za shambani. Ni kosa basi kuzungumzia mavazi ya "Wajapani" wa Meiji kana kwamba walikuwa umma mmoja. Suti ilikuwa vazi la ofisi, la kambi, la shule na la reli, mahali ambapo dola ilikuwapo. Karani aliporudi nyumbani jioni aliivua, akavaa vazi la Kijapani, akaketi mkekani.

Mjadala wenye kina zaidi kuhusu mageuzi haya ulifanyika nje ya Japani. Mwezi Januari 1876 Mori Arinori, balozi wa Japani nchini China, alizungumza na Li Hongzhang, kiongozi mashuhuri wa serikali ya China. Li alimuuliza iwapo Japani haioni aibu kuacha mavazi ya mababu, yaliyo ukumbusho wao kwa vizazi. Mori alijibu kwamba mababu hao, lau wangekuwa hai, wangefanya vivyo hivyo, kwani miaka elfu moja kabla yake wao wenyewe walichukua mavazi ya Kichina kwa kuyaona bora kuliko yao. Jibu hili ni la werevu mwingi. Linakanusha kuwapo kwa vazi la asili lisilo na deni. Hata hivyo, ushindi wa Mori katika hoja hiyo una upande wake wa giza. Mwishoni mwa mwaka 1895 baraza la mawaziri la Korea, likiwa chini ya shinikizo la Japani, liliwaamuru wanaume wa Korea kukata mashungi yao, na hasira iliyozuka ilichochea maasi. Mkasi ule Japani iliokuwa imejitumia kwa hiari ulishikwa sasa na mkono wa beberu mpya.

Mwanamke mbele ya macho ya wageni

Nywele za mwanamke zilitungiwa sheria ya kinyume. Baadhi ya wanawake, walipoona wanaume wakikata mashungi kwa jina la ustaarabu, walikata nywele zao pia. Mwaka 1872 serikali iliharamisha jambo hilo. Katika nchi moja, kipindi kimoja, kukata nywele kukawa wajibu kwa mume na kosa kwa mke. Hapa ndipo mgawanyo wa kazi unapoonekana kwa mara ya kwanza, miongo mitano na zaidi kabla ya hesabu ya Ginza.

Kipindi kimoja kifupi kilivunja kanuni hiyo, na kinastahili kutazamwa kwa karibu. Tarehe 28 Novemba 1883 Waziri wa Mambo ya Nje, Inoue Kaoru, alifungua Rokumeikan, jumba la ghorofa mbili lililosanifiwa na Mwingereza Josiah Conder. Humo wake na mabinti wa mawaziri walivalishwa magauni ya Kifaransa yenye kubana kiuno, wakafundishwa kucheza dansi na maofisa wa balozi. Lengo la Inoue halikuwa starehe. Alitaka mikataba irekebishwe, na aliamini kwamba mzungu aliyecheza dansi na mke wa waziri ingekuwa vigumu kwake kudai kwamba waziri huyo ni mshenzi. Mwaka 1886 Malkia Haruko alianza kuonekana hadharani kwa vazi la Kimagharibi. Mwezi Januari 1887 alitoa waraka akieleza kwamba wanawake wa kale wa Japani walivaa vazi la juu na sketi, kwamba kwa hivyo gauni la Ulaya lilikuwa karibu na asili yao kuliko vazi la wakati huo, na kwamba wanunue vitambaa vilivyofumwa nchini. Ni mantiki ileile ya waraka wa 1871.

Mgeni aliyekusudiwa hakushawishika. Mwandishi Mfaransa Pierre Loti, ofisa wa jeshi la wanamaji, alihudhuria dansi katika jumba hilo mwaka 1885, na katika kitabu chake Japoneries d'automne (1889) alililinganisha na jumba la kamari la mji mdogo wa mapumziko nchini Ufaransa. Wanawake aliwaona wakicheza kwa usahihi, lakini kama vinyago vinavyoendeshwa kwa mtambo. Mchoraji wa vibonzo Georges Bigot alichora mwaka 1887 mume na mke wa Kijapani waliovalia kwenda karamuni, na katika kioo nyuso zao zikatokea kama za nyani. Huku nyumbani magazeti yalizikashifu karamu hizo kuwa ufisadi, hasa baada ya dansi ya mavazi ya kuigiza iliyofanyika mwezi Aprili 1887 katika makao ya Waziri Mkuu Ito Hirobumi. Rasimu ya Inoue ya kurekebisha mikataba ilikataliwa kwa kuwa iliwapa majaji wa kigeni nafasi katika mahakama, naye akajiuzulu mwaka huohuo.

Kilichofuata ndicho kiini cha mada hii. Aliyelaumiwa kwa kushindwa kwa sera hiyo, katika maoni ya umma, alikuwa mwanamke aliyevaa gauni. Hakuna aliyependekeza kwamba mawaziri wavue suti zao. Malkia na wanawake wa kasri waliendelea na vazi la Kimagharibi katika shughuli za dola, lakini mabinti wa tabaka la kati walirudishwa katika vazi la Kijapani, na miaka ya 1890 itikadi ya "mke mwema, mama mwenye hekima" ikawa msingi wa elimu yao. Ujapani wa taifa ulihitaji mahali pa kukaa, ukawekwa mwilini mwa mwanamke.

Upya wa vazi la kale

Neno kimono, ambalo sikio la Mswahili hulipokea bila taabu katika ngeli ya KI-VI, lina maana ya kitu cha kuvaliwa, basi. Kabla ya Meiji hapakuwa na haja ya neno la kutaja mavazi yote ya Kijapani kwa jumla, kwa kuwa hapakuwa na mavazi mengine ya kuyatofautisha nayo. Istilahi wafuku, vazi la Kijapani, ilizaliwa kama pacha wa yofuku, vazi la Kimagharibi. Pasipo suti, wafuku haiwezi kufikirika.

Upya huo haukuishia katika istilahi. Sheria za kitabaka zilipoondolewa, hariri na nembo za ukoo, ambazo awali zilikuwa na mipaka yake, zikawa halali kwa kila aliyeweza kulipa. Mwaka 1872 wafumaji watatu wa mtaa wa Nishijin mjini Kyoto walitumwa Lyon, Ufaransa, kujifunza kutumia mtambo wa Jacquard, na mitambo hiyo ikaingizwa katika kitovu hasa cha ufumaji wa mishipi na hariri za kifahari. Rangi za kikemikali kutoka Ulaya zilichukua nafasi ya rangi za mimea, zikaleta wekundu na urujuani ambao bibi wa mvaaji hakupata kuuona. Mwanzoni mwa karne ya ishirini duka kubwa la Mitsukoshi lilikuwa likitangaza mitindo ya kimono kwa misimu, ukiwemo ule ulioitwa kwa jina la kipindi cha Genroku cha karne mbili nyuma. Mwanamke wa mwaka 1905 aliyeaminiwa kuvaa vazi la mababu alivaa kitambaa kilichofumwa kwa mtambo wa Kifaransa, kikatiwa rangi ya kiwandani na kuuzwa kwa tangazo.

Nani aliyelipia haya yote? Japani haikuwa nchi ya kondoo. Sufu ya sare na suti ilinunuliwa nje, hata baada ya serikali kufungua kiwanda chake cha sufu huko Senju mwaka 1879. Fedha za kuinunua, pamoja na za mashine na meli za kivita, zilitokana kwa kiasi kikubwa na hariri ghafi, na hariri ilisokotwa na wasichana. Kiwanda cha serikali cha Tomioka kilifunguliwa mwaka 1872 chini ya usimamizi wa Mfaransa Paul Brunat. Mwanzoni ilikuwa shida kupata wafanyakazi, kwani uvumi ulienea kwamba wageni hao, ambao kwa hakika walikuwa wakinywa mvinyo mwekundu, walikuwa wakinywa damu za wasichana. Wada Ei, binti wa samurai aliyekwenda huko mwaka 1873, aliandika kumbukumbu zake kwa fahari ya mtu aliyelitumikia taifa. Waliomfuata katika viwanda vya watu binafsi hawakuwa na fahari hiyo. Mwaka 1886 zaidi ya wanawake 100 wa kiwanda cha Amamiya mjini Kofu waligoma kwa sababu ya kuongezewa saa na kupunguziwa ujira, nao ndio mgomo wa kwanza wa wafanyakazi wa kiwanda unaojulikana nchini humo. Kufikia 1909 Japani ilikuwa imeipita China kwa kuuza hariri ghafi nje. Msichana aliyekaa mbele ya birika la maji ya moto, akizifumua nyuzi kutoka kwenye vifukofuko vya viwavi, alikuwa amevaa nguo ya pamba. Hariri aliyoisokota ilikwenda Marekani.

Viwanda vya pamba vilikuwa na historia kama hiyo, na mkondo wake ulifika hadi pwani yetu. Katika miaka ya 1930 vitambaa vya pamba vya Japani vilivishinda vya Lancashire katika masoko ya Afrika Mashariki, na baada ya Vita vya Pili kanga nyingi zilizovaliwa Mombasa na Zanzibar zilipigwa chapa Japani. Vazi ambalo mwanamke wa Kiswahili naye amebebeshwa kama nembo ya utamaduni wake lilitoka, kwa muda mrefu, katika viwanda hivyo.

Ushahidi wa fasihi

Waandishi hawakuanza kwa kina. Kanagaki Robun, katika Aguranabe (1871-72), aliwakusanya wahusika wake katika mkahawa wa nyama ya ng'ombe. Mmojawapo ni mpenda Umagharibi aliyejipaka manukato nyweleni, mwavuli wa Kizungu ubavuni, anayeitoa saa yake ya bei rahisi kila mara ili wengine waione. Hii ni tashtiti ya juujuu, lakini imeona jambo moja vizuri: vitu vya Magharibi vilifika kipande kipande, saa kabla ya suruali, mwavuli kabla ya viatu, na mtu mmoja aliweza kuwa na enzi mbili mwilini mwake.

Futabatei Shimei alikwenda mbali zaidi. Ukigumo (1887-89), inayohesabiwa kuwa riwaya ya kwanza ya kisasa ya Japani, inafunguka kwa makarani wanaomiminika kutoka ofisi za serikali alasiri. Msimulizi hatuonyeshi nyuso zao; anatuorodheshea masharubu na ndevu, zikiwemo zilizofugwa kwa mfano wa Bismarck, kisha anashuka kwenye nguo. Wapo waliovaa suti nyeusi za duka la Shirokiya na viatu vya ngozi ya Ufaransa. Wapo wenye suruali zilizochakaa ambao wanatembea kwa majivuno yaleyale. Kutoka katika umati huo anatokea Utsumi Bunzo, ambaye tutagundua kwamba siku hiyo amefutwa kazi. Ufundi wa Futabatei ni kwamba ameijenga jamii nzima kwa nguo kabla ya kumpa mtu jina, na mtu anapopata jina tayari amepoteza haki ya nguo hizo. Katika kuchorwa kwa Osei, binamu anayependwa na Bunzo, kejeli ni kali zaidi: anabadilisha vazi la ndani kuwa shati, anafunga leso shingoni, anabadilisha mtindo wa nywele na kuvaa miwani asiyoihitaji. Elimu yake imeishia hapo. Ila mhakiki ajiulize kwa nini miwani ya Osei inachekesha kuliko ndevu za Bismarck. Futabatei, pamoja na uhalisi wake wote, anashiriki katika mgawanyo ambao riwaya yake inaufichua.

Neno haikara, lililotokana na kola ndefu na ngumu ya shati la Kizungu, lilienea mwanzoni mwa karne ya ishirini likiwa jina la dhihaka kwa wapenda usasa. Natsume Soseki, aliyerudi kutoka London akiwa hana hamu ya kuusifu mji huo, alilitumia katika Botchan (1906) miongoni mwa matusi anayoporomoshewa Akashatsu, mwalimu msaidizi mkuu mwenye shahada ya chuo kikuu, ambaye huvaa shati jekundu la flaneli hata wakati wa joto kwa madai kwamba rangi hiyo inafaa afya. Katika mhadhara wake wa mwaka 1911 kuhusu ustaarabu wa Japani ya kisasa, Soseki alidai kwamba ustaarabu wa Magharibi ulichipuka kutoka ndani ilhali wa Japani ulisukumwa kutoka nje. Shati la Akashatsu ni hoja hiyohiyo iliyoandikwa miaka mitano kabla, na kwa ufupi zaidi.

Kosugi Tengai naye, katika riwaya ya Makaze koikaze (1903), alimleta mwanafunzi wa kike juu ya baiskeli akiwa na suruali pana yenye marinda iliyokuwa imeidhinishwa kwa wasichana wa shule. Wasomaji wa gazeti walimfuata kwa shauku. Mwandishi akamuua mwishoni.

Anayeonyesha vizuri zaidi uzito wa vazi kwa mwanamke hakushughulika na suti hata kidogo. Higuchi Ichiyo, aliyefariki mwaka 1896 akiwa na umri wa miaka 24, aliishi kwa kushona na kufua nguo za wengine, na duka la rehani halikosekani katika shajara yake. Katika Takekurabe (1895-96) kijana Nobu, mwana wa kasisi, anakatikiwa na kamba ya mtalawanda wake kwenye mvua mbele ya lango la nyumba anamokaa Midori. Midori, ambaye dada yake ni kahaba mashuhuri na ambaye mwenyewe anaandaliwa njia hiyohiyo, anamrushia kipande cha hariri nyekundu afungie kamba. Nobu hakiokoti. Kipande kinabaki kikilowa matopeni. Baadaye Midori anatokea na nywele zilizopangwa kwa mtindo wa wanawake wazima, akiwa na aibu asiyoweza kuieleza, na michezo ya utotoni inakoma. Mwaka 1985 mwandishi Sata Ineko alizua mjadala mkali kwa kupinga usomaji uliozoeleka kwamba msichana huyo amevunja ungo. Alidai kwamba Midori tayari ameuzwa kwa mteja wa kwanza, na mhakiki Maeda Ai akamjibu. Ichiyo hakusema. Aliandika nywele tu, akamwacha msomaji azisome kama jamii ya Midori ilivyozisoma.

Hadithi fupi ya Akutagawa Ryunosuke, Butokai (1920), inaturudisha Rokumeikan. Akutagawa alichukua maelezo ya Loti akayapindua: usiku wa mwaka 1886 tunauona kwa macho ya Akiko, msichana wa miaka 17 mwenye gauni la rangi ya waridi na utepe wa samawati shingoni, anayecheza dansi na ofisa Mfaransa. Ofisa anamsifu kwa kumfananisha na binti wa picha za Watteau. Akiko hamjui Watteau. Wanatazama fataki pamoja. Kisha tunarukia mwaka 1918. Akiko, sasa bibi mtu mzima, anamsimulia mwandishi kijana katika garimoshi kuhusu usiku ule. Kijana anamuuliza jina la ofisa, naye anajibu kwamba aliitwa Julien Viaud. Kijana anasisimka: basi alikuwa Loti! Hapana, anasema bibi huyo, hakuwa Loti, alikuwa Julien Viaud.

Hadithi ilipochapishwa mara ya kwanza katika jarida, bibi huyo alijua kwamba ofisa wake alikuwa Loti. Akutagawa alibadilisha mwisho alipoiingiza katika kitabu, akamnyima Akiko ujuzi huo. Baadhi ya wahakiki wameliona badiliko hilo kama dhihaka kwa mwanamke asiyesoma vitabu. Lakini Viaud lilikuwa jina halisi la mtu huyo, na Loti la kalamu. Akiko amelihifadhi jina la mtu aliyecheza naye, na hajapata kuona kile Loti alichoandika kuhusu gauni lake.